Faili lako la hospitali: mwongozo kamili wa kuuliza, kuomba na kupata taarifa zako za matibabu nchini Kenya

Tulimhamisha mamangu kutoka hospitali moja ya Pwani hadi nyingine jijini Nairobi tukiwa na bahasha moja ya kaki. Ndani mlikuwa na risiti kumi na moja na picha ya eksirei isiyo na ripoti. Daktari aliyempokea alituuliza mambo matatu: mama amekuwa akidungwa dawa gani, tangu lini, na vipimo vya damu vilionyesha nini. Tulikuwa watu wanne kando ya kitanda na hakuna aliyekuwa na jibu. Dada yangu alikumbuka tu kwamba dawa ilikuwa nyeupe na ilipitia mshipani. Vipimo vikaanza upya, tukalipa upya, na siku mbili zikapita mgonjwa akisubiri.

Hakuna mtu katika ile hospitali ya kwanza aliyetunyima kitu. Sisi hatukuomba, nao hawakutoa. Tangu wakati huo nimewasaidia majirani na jamaa wengi kuandika barua za kuomba rekodi zao, na ninaamini kabisa kwamba nyingi ya taabu hizi huzuilika mgonjwa akijua aulize nini, lini, na kwa nani. Sheria ninazozitaja ni za Kenya. Aliye Tanzania atafaidika na hatua za wodini vilevile, ila sheria ya kutaja kwenye barua ni ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Hatua ya kwanza: jua unachodai

Watu wengi huingia ofisi ya rekodi kama waombaji wa hisani. Usiende hivyo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine pale anapozihitaji ili kulinda haki yake. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inashuka hadi kwenye kitanda cha mgonjwa: mhudumu wa afya anapaswa kumweleza mgonjwa hali yake, vipimo na matibabu yanayopatikana, faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia, na pia kwamba anaweza kukataa, pamoja na yatakayofuata akikataa. Maelezo hayo, kila inapowezekana, yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Kwa hiyo bibi wa Kaloleni anayezungumza Kigiriama ana haki ya kuomba aelezwe kwa Kigiriama, au atafutiwe mtu wa kumfasiria.

Sheria ya tatu ni ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hiyo haibagui hospitali ya serikali, ya misheni wala ya kibinafsi. Habari za afya yako inazihesabu kuwa nyeti, na inakupa haki ya kuziona na kusahihisha zilizokosewa. Ukisahau yote mengine, usisahau jina la sheria hii na mwaka wake, kwa sababu ndiyo utakayoiandika kwenye barua.

Hatua ya pili: ndani ya chumba cha daktari

Daktari wa hospitali ya umma anaweza kuwa na foleni ya watu sitini nje ya mlango. Dakika zako ni chache, kwa hiyo ziandae. Usiku wa kabla, andika maswali yako kwenye daftari, yasizidi matano, la muhimu likiwa la kwanza. Kwenye vituo vingi vya afya tayari unatakiwa kuja na daftari lako la shule ambamo mhudumu huandika. Tumia kurasa za nyuma za daftari hilohilo.

Haya ndiyo maswali ninayowapa watu:

"Daktari, ugonjwa wangu unaitwaje? Naomba uniandikie jina lake hapa."
"Umejuaje kuwa ni huo? Ni kipimo kipi kilichoonyesha?"
"Kuna njia ngapi za kuutibu, na kila moja ina hatari gani?"
"Nikingoja kwanza, au nikikataa, itakuwaje?"
"Dalili gani nikiziona nirudi usiku huohuo?"

Ukipata majibu, yarudie kwa maneno yako mwenyewe. "Kwa hiyo daktari, nimeelewa kwamba figo ndiyo yenye shida, dawa hii nimeze moja asubuhi na moja jioni, na nisitumie zile za maumivu nilizozoea kununua dukani. Ni hivyo?" Jambo hili dogo lina nguvu kuliko maswali yote matano. Mara nyingi ndipo daktari husema, "Hapana mama, si hivyo," na kosa linakamatwa kabla halijafika nyumbani.

Wapo wanaoona kuuliza ni kumvunjia daktari heshima, hasa wazee wetu. Nimekaa na madaktari wengi sasa. Anayekasirika kwa kuulizwa yupo, lakini ni wachache. Wengi hushukuru, maana mgonjwa anayeelewa humeza dawa zake na hurudi siku aliyopangiwa. Ukiona unaogopa, ingia na mtu mmoja unayemwamini na umwachie yeye kazi ya kuandika.

Soma pia yaliyoandikwa. Vifupisho vya hospitali havitakiwi kuwa siri kwa mwenye ugonjwa. HTN ni shinikizo la damu, DM ni kisukari. OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. RVD hutumiwa kumaanisha virusi vya UKIMWI, na nimekutana na mtu aliyebeba karatasi yenye herufi hizo mkobani kwa miezi bila kujua zinamhusu. Ukiona kifupisho usichokijua, kionyeshe kwa kidole na uulize papo hapo.

Hatua ya tatu: kabla ya kutia saini

Fomu ya idhini ya upasuaji huletwa mara nyingi dakika za mwisho, mgonjwa amekwisha kuvalishwa gauni la kijani. Usitie saini karatasi usiyoisoma au kusomewa. Uliza upasuaji unaitwaje, unafanywa upande gani wa mwili, nani atakayeufanya, dawa ya usingizi ni ya mwili mzima au ya kiunoni, na kuna uwezekano gani wa kuongezewa damu. Hati ya Haki za Wagonjwa ya Wizara ya Afya ya 2013 inatambua pia haki yako ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Kama si dharura, kuomba siku mbili ukapate maoni hayo si kosa.

Kisha angalia jina. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mgonjwa alipasuliwa kichwa ambacho hakikuhitaji kupasuliwa, kwa sababu lebo za majina ya wagonjwa wawili zilikuwa zimebadilishana. Madaktari waligundua saa kadhaa baadaye, walipotafuta damu iliyoganda wasiione. Kwa hiyo kila anayekuja na sindano, damu au machela, mwombe ataje jina la mgonjwa kwanza, halafu mlinganishe na lebo ya mkononi. Kama mgonjwa hajitambui, kazi hiyo ni yako wewe jamaa.

Hatua ya nne: asubuhi ya kuruhusiwa

Hapa ndipo mambo huharibika. Mgonjwa ana hamu ya nyumbani, teksi inangoja, jamaa wamezama kwenye bili, na karatasi zinasahaulika. Siku hiyo hiyo, kabla hujaondoka wodini, faili lako liko mezani na anayelijua yupo. Wiki moja baadaye litakuwa kwenye rafu kati ya maelfu, na daktari wa zamu amehamishiwa kaunti nyingine.

Omba karatasi ya kuruhusiwa na uisome ukiwa bado umekaa kitandani. Iwe na jina la ugonjwa, tarehe za kuingia na kutoka, matibabu uliyopewa, dawa za kuendelea nazo na kipimo chake, na tarehe ya kurudi. Omba nakala ya majibu yote ya maabara. Picha za eksirei na skani ni kitu kimoja na ripoti zake ni kitu kingine: chukua vyote viwili. Hilo ndilo tulilokosea sisi.

Kuna mambo machache ambayo karibu kila mtu huyasahau, na baadaye huyatafuta kwa machozi.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji aulize mfuko wa uzazi ulikatwaje, mkato wa chini ulio mlalo au wa wima, na aombe iandikwe. Mimba ijayo, daktari atakayeamua kama anaweza kujaribu kujifungua kwa njia ya kawaida atahitaji kujua hilo, na kovu la juu ya ngozi halimwambii lililo ndani.

Aliyewekewa chuma mguuni au kifaa chochote mwilini aombe jina na aina ya kifaa hicho.

Aliyekatwa kipande kidogo cha nyama ya mwili kwa ajili ya bayopsi, yaani kipimo cha maabara cha kipande hicho, aombe nakala ya ripoti, kisha aulize kipande chenyewe kimehifadhiwa wapi. Maabara huhifadhi kipande hicho ndani ya nta, pamoja na vioo vya darubini. Ukihamia hospitali nyingine kwa matibabu ya saratani, wataalamu wa huko huenda wakataka kukipima wenyewe, na kukiomba ni nafuu kwako kuliko kukatwa tena.

Aliyeongezewa damu, au aliyevimba au kuwashwa baada ya dawa fulani, aandikiwe. Jina la dawa iliyokudhuru lijue kama unavyojua nambari ya kitambulisho chako.

Hatua ya tano: barua

Kama umekwisha kuondoka hospitalini, au umeambiwa "faili ni mali ya hospitali", andika barua. Kuhusu faili, wana ukweli kiasi: jalada lenyewe hospitali hulihifadhi, na hata wewe unataka lihifadhiwe. Unachoomba ni nakala ya yaliyomo, na hayo yanakuhusu wewe.

Kanuni za Ulinzi wa Data za 2021 zinataka ombi la mtu kuona data yake lijibiwe ndani ya siku 7, tena bila malipo. Zina fomu maalumu ya ombi hilo, lakini barua iliyo wazi hufungua mlango. Hii hapa, igeuze ikufae:

Kwa Afisa Msimamizi wa Rekodi za Afya,
Hospitali ya ........
Tarehe ........

KUH: OMBI LA NAKALA ZA REKODI ZANGU ZA MATIBABU

Mimi ........, mwenye kitambulisho nambari ........, nilitibiwa katika hospitali yenu kuanzia tarehe ........ hadi ........, wadi ya ........, nambari ya faili ........

Kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Kanuni zake za 2021, naomba nakala za maelezo ya madaktari na wauguzi, majibu ya maabara, picha na ripoti zake, karatasi ya dawa nilizopewa, fomu ya idhini niliyotia saini, na karatasi ya kuruhusiwa.

Naomba nizipate ndani ya siku 7, bila malipo. Ikiwa kuna sehemu ambayo hamtaweza kunipa, tafadhali nijulisheni kwa maandishi ni ipi na ni kwa sababu gani.

Nashukuru kwa huduma mliyonipa.

Chapisha nakala mbili na ubebe nakala ya kitambulisho. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na urudi nayo nyumbani. Muhuri huo ndio nguzo ya kila kitakachofuata. Bila muhuri, hesabu ya siku haina mwanzo. Wakikataa kugonga, tuma barua hiyohiyo kwa barua pepe ya hospitali, uihifadhi.

Ikiwa hospitali ni ya umma, unaweza pia kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Muda wake ni mrefu zaidi, siku 21, lakini habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu inatakiwa kutolewa ndani ya saa 48. Sheria hiyo inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyeweza kuandika asaidiwe na afisa mwenyewe. Mtu akikwambia barua ya Kiswahili haipokelewi, mwonyeshe kifungu cha 8.

Nani anaweza kuomba kwa niaba yako? Mzazi au mlezi humwombea mtoto. Mtu asiyeweza kujisimamia huombewa na mlezi wake wa kisheria. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kumtuma amtakaye, kwa barua ya idhini yenye saini. Kuwa mume au mke peke yake hakutoshi, na hospitali inayodai barua hiyo inakulinda na wewe pia.

Hatua ya sita: ukikuta kosa

Soma nakala zako. Makosa yapo: umri, kundi la damu, upande wa mwili, wakati mwingine kurasa nzima za mgonjwa mwingine mwenye jina kama lako. Kwetu Pwani, ambako Fatuma Ali na Mohamed Omar ni wengi katika kila foleni, hili halishangazi. Andika barua ya pili, taja ukurasa, taja kilichokosewa na kilicho sahihi, ambatisha ushahidi. Muda wa kusahihisha ni siku 14. Ukikuta kurasa za mtu mwingine, zirudishe, usizipige picha.

"Mgonjwa asiambiwe"

Hili linanigusa kuliko yote. Majibu yametoka, ni saratani, na watoto wanamvuta daktari pembeni: "Daktari, mzee usimwambie, moyo wake hautahimili." Nasi tulilifanya, kwa mapenzi. Mamangu alilala wiki tatu akiulizwa na kila mgeni "umeambiwa una nini?" na akijibu "vidonda vya tumbo". Alipokuja kujua, kilichomuumiza zaidi ni kwamba wajukuu walijua kabla yake.

Sheria ya Afya inamtaka mhudumu amwambie mgonjwa mwenyewe. Nafasi ya kunyamaza ipo pale tu penye ushahidi mzito kwamba kumwambia kutakuwa kinyume cha maslahi yake, na hofu ya familia haijawa ushahidi. Kwa hiyo badala ya kumwomba daktari afiche, mwombeni aseme kwa upole. Muulizeni mgonjwa mapema, kabla majibu hayajatoka: "Mama, daktari akileta majibu, ungependa akueleze wewe, au ukae na mmoja wetu?" Wapo wazee watakaosema, "Mwambieni mwanangu wa kwanza." Huo nao ni uamuzi wake, uheshimiwe. Mkimweleza, mpeni muda wa kunyamaza. Msijaze kimya hicho kwa maneno.

Upande wa pili wa siri ni sisi jamaa kusema mno. Tunapochangisha pesa za matibabu, tunasambaza kwenye WhatsApp picha ya mgonjwa, jina la ugonjwa na nambari ya wadi. Muombeni ruhusa kwanza. Mara nyingi inatosha kusema anaumwa na gharama ni kiasi gani.

Ukizungushwa

Anza karibu. Kila hospitali inatakiwa na Sheria ya Afya ibandike mahali pa wazi utaratibu wa kupokea malalamiko. Utafute ukutani, kisha nenda kwa muuguzi msimamizi wa wadi, halafu dawati la huduma kwa wateja, halafu kwa msimamizi wa hospitali. Kila unapokwenda, andika jina, cheo, tarehe na ulichoambiwa. Sema kwa sauti ya chini. Karani wa rekodi si aliyetunga utaratibu, na ndiye atakayeingia kati ya zile rafu kulitafuta faili lako.

Siku 7 zikipita bila jibu, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ukiambatisha ile nakala yenye muhuri. Sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 kuchunguza na kumaliza. Ukitumia njia ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari, rufaa yako huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Kama tatizo ni namna ulivyotibiwa, daktari anashtakiwa kwa Baraza la Madaktari, KMPDC, muuguzi kwa Baraza la Wauguzi, na tabibu kwa Baraza la Maafisa wa Kliniki. Tovuti ya KMPDC ina orodha ya madaktari na hospitali zilizosajiliwa. Itazame hata kabla ya kutibiwa.

Bili nayo ni habari

Omba bili iliyochambuliwa kila siku mbili tatu mgonjwa akiwa amelazwa, usingoje siku ya mwisho. Linganisha dawa zilizoandikwa na zilizotumika kweli. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilipochukua nafasi ya NHIF, uliza mapema bima italipa nini na wewe utalipa nini, na uombe jibu kwa maandishi. Na kama pesa hazitoshi, fahamu kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kuwa haki za wanawake wawili zilikiukwa walipozuiliwa katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya bili. Deni linabaki deni, mnakubaliana namna ya kulilipa. Dharura nayo haina masharti: Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Kuhifadhi

Nunua faili la plastiki lenye mifuko, moja kwa kila mtu nyumbani. Panga kwa tarehe, mpya juu. Ukurasa wa kwanza uwe karatasi moja uliyoiandika wewe: jina, mwaka wa kuzaliwa, kundi la damu, magonjwa ya kudumu, dawa za sasa, dawa zinazokudhuru, pasuaji ulizofanyiwa na mwaka, na simu ya mtu wa kupigiwa. Kitabu cha kliniki cha mama na mtoto kiwe humo. Piga picha kila karatasi, uziweke kwenye simu yenye nywila. Risiti za karatasi laini hufifia, zitoe fotokopi wiki hiyohiyo.

La mamangu liko juu ya kabati, la rangi ya samawati, na mjukuu wa miaka kumi na miwili anajua lilipo. Mwezi wa Februari mama alipoanguka usiku, mjukuu huyo ndiye aliyelishusha, na daktari wa zamu alisoma ule ukurasa wa kwanza kabla hata hajatuuliza jina.